Firigisi ya Mgeni

Kila nikichemsha kuku kwa tangawizi, na kwa uzee huu safari yangu ndefu huishia hapa jikoni, wivu wa utotoni hunipanda upya.

Dada yangu alikuwa akishindana kucheza dansi kwenye barafu, wawili wawili. Mazoezi ya nyumbani, juu ya zulia la nyumba yetu ya ughaibuni, Columbia Heights, mwenzake nilikuwa mimi na soksi zangu. Hatua zote nilizijua. Barafuni alishikwa na kijana mrefu, mashavu mekundu. Mimi huko nilianguka kila hatua, nikawa nasimamia makalio.

Jumapili moja kijana akaja kula kwetu. Mama akachota firigisi, haki ya mwanamume wa nyumba, yaani mimi, akamwekea yeye.

"Mama, si yangu hiyo?"

"Wewe unamshika dada yako kwenye zulia, mwanangu. Mwenzio anamshika kwenye barafu. Mwache ale."

Kijana akaigeuza kwa uma, akaisukuma ukingoni mwa sahani. Nikameza mate.

Dada akanyoosha mkono, akaitia mdomoni.

"Wee! Mwanamke hali firigisi!" Mama akamaka.

"Na huko barafuni anayeteleza kinyumenyume, ile kazi ngumu, ni nani?" Dada akajibu, akitafuna taratibu.

Hapo nikawa na watu wawili wa kuwaonea wivu.