Breki Anayo, Mafuta Hana

Ni asubuhi, nje kidogo ya mji wa Migori. Gari dogo lenye kibao cha L linajikokota nyuma ya trekta linalovuta trela ya miwa, na Kezia Wangwe, mwalimu wa udereva, hajayaondoa macho barabarani tangu walikute.

"Bado," anasema.

Usukani umeshikwa na Elkanah Ogweno wa kisiwa cha Rusinga, mwanafunzi wake, aliyeendesha bodaboda kwa miaka tisa. Jumatatu anatarajiwa kuanza kuendesha gari la watoto wa chekechea huko kisiwani, bintiye Adhiambo akiwa mmoja wao. Mtihani ni Alhamisi hii. Kezia ndiye atakayesema kama yuko tayari.

"Bado, baba Adhiambo."

Lakini Elkanah ameshaona mwanya. Anachomoka.

Lahaula! Mbele ya trela waliyokuwa wakiifuata kuna nyingine, iliyofichwa na miwa inayoning'inia kila upande. Elkanah anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari linanguruma tu, mwendo hauongezeki. Huko mbele, lori linakuja likiwawashia taa.

Upande wa mwalimu kuna klachi na breki. Pedali ya mafuta hakuna. Kezia hawezi kuliharakisha gari hata akitaka. Anachoweza ni kulizuia. Akichelewa, ni mazishi.

"Toa mguu! Toa!" anafoka, huku akikanyaga breki. Miwa inakwaruza kioo cha dirisha lake. Trela inawapita kana kwamba haina mwisho, kisha Kezia anauvuta usukani na gari linarudi nyuma yake. Lori linapita likipiga honi ndefu. Kwenye kiti cha nyuma, mwandishi wa makala haya anagundua kwamba ameushika mkanda kwa mikono yote miwili.

"Egesha," anasema Kezia.

Adhabu yake ni ileile kwa kila mwanafunzi: shuka utembee. Utatembea kando ya barabara, kuanzia pale ulipochomoka mpaka pale ambapo gari lingerudi upande wake kwa usalama. Elkanah anakwenda. Kila akigeuka kuuliza kama inatosha, Kezia anampungia mkono aendelee.

"Hawa wa bodaboda wanajua barabara, na ndio wananitisha zaidi," anamwambia mwandishi. "Pikipiki ukiigusa tu inaruka. Gari likiwa na watu linajivuta kwanza, ndipo lipate spidi. Macho ya huyu bado yako kwa pikipiki."

Kezia, 43, ni mzaliwa wa Ntimaru, na zamani aliendesha lori la mahindi. Sasa hulipwa shilingi mia tatu kwa kila somo. Mumewe, Levis, humsihi aiache kazi hii warudi nyumbani kulima.

"Naogopa, sitakudanganya. Kila siku naogopa. Lakini nikiacha, hawa watajifunzia wapi? Barabarani, abiria wakiwa ndani."

Elkanah anarudi, shati limemganda mgongoni.

"Yawa, mwalimu. Ni mbali hivyo?"

"Ni mbali hivyo. Na leo tulikuwa watatu tu."

"Na Alhamisi je?"

Kezia anajua kwamba Elkanah ameitafuta kazi hiyo mwaka mzima. Anajua pia kwamba shule haitamngoja.

"Roho inaniuma, lakini hapana. Mwezi ujao."

"Mwezi ujao watakuwa wameandika mtu mwingine! Nimekosea mara moja tu, mwalimu. Mara moja!"

Elkanah anazunguka gari, anaupiga teke ukingo wa lami, anasimama akiwa amewapa mgongo. Trekta jingine la miwa linapita, naye analitazama mpaka linapotelea kwenye kona. Kisha anatoa simu na kumpigia Orpah, mkuu wa chekechea.

"Madam, ni Elkanah. Hiyo gari usinipee kwa sasa... Hapana, siko mgonjwa. Kuendesha sijajua bado. Na Adhiambo atakuwa ndani."

Anairudisha simu mfukoni, anaketi kwenye usukani na kuanza kujifunga mkanda. Kezia anageukia shamba la miwa na kujifuta machozi kwa kiganja.

"Atafaulu huyu," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. "Na kazi akiipata, iwe hiyo au nyingine, siku ya kwanza nitaenda Rusinga nipande nyuma na watoto. Nataka nilale usingizi mpaka shuleni."