Mto Uliofurika Kiangazi

Mara ya kwanza mto ulipofurika sikusema kitu. Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu niliweka dadu mezani nikamuuliza mwalimu, "Mto gani huu unaofurika kiangazi?"

"Mvua imenyesha milimani," akajibu, macho kwenye daftari lake.

"Milima gani? Kwenye ramani yako hakuna milima."

Akachukua penseli, akachora milima.

Huo ulikuwa mchezo wetu wa Jumapili alasiri, mwishoni mwa miaka ya sabini, barazani kwa kaka yangu mjini Bagamoyo. Kaka huyo ni mtoto wa baba mkubwa, karani wa mahakama, mtu wa kupiga pasi hata shati la kushindia nyumbani. Mwenye mchezo alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, mtu wa bara, aliyepelekwa Uingereza mwaka mmoja kusoma akarudi na mfuko wa dadu. Hazikuwa dadu kama za ludo. Moja ilikuwa na nyuso ishirini, na ukiirusha ilibiringika mpaka chini ya meza, tukainama wote kuitafuta. Alitueleza kwamba huko wanafunzi hukaa mezani, mmoja anasimulia nchi isiyokuwepo, na wengine kila mmoja anajitungia mtu wake na kusema mtu huyo anafanya nini ndani ya nchi hiyo. Penye mashaka, dadu inaamua.

"Hakuna mshindi," alisema siku ya kwanza. "Na mnaweza kufanya lolote."

Neno hilo, lolote, ndilo lililoniponza.

Tulikuwa wachezaji watatu. Kaka alijitungia askari mstaafu. Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, aliyekuwa muuguzi, alijitungia mwizi, na sijapata kumwona akifurahi vile. Wiki nzima alikuwa akifunga vidonda vya watu, Jumapili anaiba. Mimi nilijitungia mpima ardhi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa nne kazini. Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kusomea upimaji. Nilikuwa nimewaona wapimaji kwenye barabara ya Kerege, wamesimamisha chombo chao cha miguu mitatu, mmoja amefumba jicho, mwingine kule mbali ameshika fimbo ya rangi mbili, na nilitamani kujua yule aliyefumba jicho anaona nini. Baba akasema mtoto wa kike hawezi kulala porini na wanaume. Fomu ikajazwa ualimu, nami nikatia sahihi pale nilipoonyeshwa. Sikuwa mtu wa kulia kila siku kwa jambo hilo. Lakini mwalimu aliposema lolote, niliamini.

Ramani yake ilikuwa karatasi nne za grafu zilizounganishwa kwa gundi. Upande wa kusini ulijaa: vijiji, njia, visima, na mji wa malkia wenye kuta saba. Kaskazini, ng'ambo ya mto, palikuwa peupe. Hapakuwa hata na nukta. Mpima ardhi gani ataona pale asitake kwenda?

Lakini kila nilipoelekea kaskazini, mto ulifurika. Nikitafuta mtumbwi, mwenye mtumbwi amefiwa. Nikisema nangoja maji yapungue, anatokea tarishi wa malkia amebeba barua inayotutaka kusini upesi. Barua hizo mwalimu alikuwa amezinakili kabisa kwa wino mwekundu, na alizisoma kwa sauti nzuri, siwezi kumnyima hilo. Kaka alizipenda. Yeye kazini kwake alizoea kupelekwa na karatasi, na Jumapili alipelekwa na karatasi tena, ameridhika.

"Wewe una nini na huko kaskazini?" aliniuliza siku moja wakati wifi yangu akituletea mihogo ya kuchemsha. "Hakuna kitu huko."

"Ndiyo maana nataka kwenda."

Jumapili iliyofuata mwalimu alileta wanajeshi. Tulikuwa tumelala kwenye nyumba ya wageni ya mchezoni, akasema mlango umevunjwa, watu kumi na wawili wameingia, wametufunga kamba, tunapelekwa kwa malkia.

"Naruka dirishani," nikasema.

"Hakuna dirisha."

"Chumba gani hakina dirisha?"

"Dada, umeshafungwa kamba."

"Sijarusha dadu bado! Nirushe nione kama nimefungwa."

"Hapa dadu haihitajiki."

"Basi nakaa chini. Siendi."

"Wanakubeba."

Rafiki yangu alicheka mpaka akapaliwa na muhogo. Mimi sikucheka. Uso ulikuwa umenipanda moto. Ningeweza kustahimili kufungwa kamba na watu kumi na wawili. Watu kumi na wawili ni wengi. Sikuweza kustahimili kwamba ile dadu ya nyuso ishirini ilikuwa imekaa pale mezani, mbele yangu, na hakunipa hata nafasi ya kushindwa mwenyewe.

"Mwalimu," nikamwambia, "ulisema tunaweza kufanya lolote. Mimi nimefanya nini tangu tuanze? Niambie kitu kimoja."

Akafungua daftari kana kwamba atakisoma humo. Kaka akaniambia nisimvunjie mgeni heshima nyumbani kwake. Nikachukua mtandio wangu nikaondoka.

Jumapili mbili sikwenda. Ya tatu mwalimu alikuja kwetu, akamwamkia mama shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti na madaftari yake matatu mapajani. Wakati huo madaftari yalikuwa adimu. Wanafunzi wangu wengine waliandika kwenye karatasi za kufungia sukari. Yeye alikuwa amejaza matatu, mistari yote na pembezoni.

"Nimeandika kila kitu mpaka mwisho," alisema. "Ukienda kaskazini, haya yote nimeandikia nani?"

Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi zaidi. Nikamwambia, "Jumapili ijayo nitasimulia mimi. Wewe ucheze."

Akakubali.

Nilijiandaa kwa kutojiandaa. Sikuandika kitu, kwa makusudi. Tulipokaa nikawaambia, "Mko kwenye mji mdogo. Mnafanya nini?"

Kaka akauliza, "Tumeagizwa nini?"

"Hamjaagizwa. Fanyeni mnachotaka."

Wakatazamana. Kaka akasema anakwenda kuvua samaki. Akarusha dadu, akapata samaki. Akarusha tena, akapata mwingine. Rafiki yangu akataka kuiba, akaniuliza kuna nyumba gani ya tajiri. Sikuwa nimefikiria, nikasema ipo moja, akaniuliza ina nini ndani, nikasema vyombo. "Vyombo gani?" Sahani, nikasema. Akaiba sahani. Mwalimu, ambaye alijitungia mzee muuza chumvi, aliuliza kwa adabu barabara inakwenda wapi, nami nikajibu inakwenda kokote anakotaka. Kaka akapata samaki wa tisa. Wifi yangu, aliyekuwa akisuka ukili pembeni, akasema, "Leo mchezo wenu umelala."

Nilianza kutoka jasho. Nilijaribu kuwaza kitu, chochote, na kabla sijajua nasema nini nikatangaza kwamba mji mzima unawaka moto, kila mtu akimbie, na njia iliyosalia ni moja tu, ya mashariki.

"Naweza kupitia magharibi?" mwalimu akauliza.

"Huko kumeziba."

Alinitazama tu, kisha akainamisha kichwa, akasema mzee wake anakwenda mashariki. Afadhali angecheka. Afadhali angesema jambo nikamjibu.

Baada ya hapo tuliafikiana: mwalimu atarudi kusimulia, ila nikitaka kuvuka mto nivuke. Nikavuka. Nakumbuka nilivyokaa kwenye ukingo wa kiti, nimeshika penseli yangu mwenyewe tayari kupima. Mwalimu hakuwa na daftari la huko. Alikohoa. Akasema kuna nyumba tatu na kisima. Nikapima nyumba, nikapima kisima, nikamuuliza nyuma ya kisima kuna nini. Alifikiri, midomo ikicheza, na nilimwona kabisa jinsi alivyojitahidi. Kisha akasema, "Nyuma ya kisima anatokea tarishi wa malkia, ameshika barua."

Nilivunja penseli. Sikukusudia.

Mwezi uliofuata nilipata barua ya uhamisho kwenda Lugoba. Hakuna aliyeniuliza, na wala sikutegemea kuulizwa. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Nilifunga sanduku, nikapanda basi mpaka Chalinze, na pale nikangoja gari la kunipandisha juu, nimekalia sanduku lenyewe. Mwalimu hakuja kuniaga. Rafiki yangu alileta salamu zake, akasema anaona haya.

Kaka alinitembelea mwaka uliofuata, alipokuja na hakimu kusikiliza shauri la shamba. Tulipokuwa tukila nilimuuliza mchezo umefikia wapi.

"Umekufa," alisema. "Mwalimu naye amehamishwa, yuko Songea."

"Mlifika kwa malkia?"

"Tulifika langoni. Tukakaa hapo miezi minne."

"Miezi minne langoni? Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunapiga soga na walinzi. Mwenzako aliwaibia mikuki. Mwalimu alisema kuna kazi ndani ya kuta ambayo mpima ardhi tu ndiye anayeiweza. Kaiandika tangu mwanzo. Hawezi kutuingiza mpaka urudi."

Niliacha kula. Mwaka mzima mtu alinisukuma kusini kwa mito na kamba na barua za wino mwekundu, na hakupata kufungua kinywa aseme kwamba huko kusini kuna kazi yangu. Angesema neno moja ningekwenda. Au nisingekwenda; lakini ningejua ninakataa nini.

"Si mngeingia tu?" nikamwambia kaka. "Mko wawili, lango ni lenu."

"Hakuturuhusu," alisema, akajimiminia mchuzi, akaniuliza kama shuleni kwetu tunapata chaki.