Sumaku ya Mwisho Haina Jirani

Rebeka Masatu anafundisha fizikia sekondari moja ya Bunda, na waulize wanafunzi wake, watakwambia ana mdomo. Kwao ni Bweri, Musoma, kwa mama yake Tereza, fundi wa kushona nyavu. Miaka saba, kila likizo, Rebeka aliandika tasnifu ya udaktari ambayo majirani waliiitaga "yale mambo yako". Chuo kilishamwongezea muda mara mbili. Barua ya mwisho ilisema wazi: Alhamisi saa nane mchana ajitetee kwa mtandao, la sivyo jina linafutwa.

Alhamisi hiyo saa sita alikuwa sebuleni kwa mama yake, bado analikodolea macho jedwali la ukurasa wa tisini na moja.

Jambo lenyewe si gumu hivyo jamani, msikimbie. Panga sumaku ndogondogo kwenye mstari, kila moja inatazama juu au chini, na inasikilizana na jirani zake tu. Rebeka alidai mstari ule una ulinganifu wa siri, ule wanahesabu wanaouita kundi la kwanta, na kwa hiyo viwango vyake vya nishati hukaa kifamilia: ndugu wa familia moja wana namba ileile kabisa. Kabisa! Lakini kwenye jedwali lake ndugu walipishana kidogo, tarakimu ya tatu baada ya nukta. Chini yake alikuwa ameandika, "makosa ya kompyuta." Kompyuta masikini, haina wa kuitetea.

"Unahema nini hivyo?" mama yake akauliza, mikono haiachi wavu.

Kwa hasira tu, Rebeka akapanga vizibo vinane vya soda mezani. "Hizi ndizo sumaku, mama. Kila moja inashikana na ya kushoto na ya kulia. Basi."

Tereza akavitazama. "Na hiki cha mwisho? Huku nani anakishikaga?"

"Hakuna. Ni mwisho."

"Basi umeharibu. Macho ya pembeni mwa wavu mimi nayashonaga uzi mara mbili. Hayana jirani. Ukiyaacha sawa na ya katikati, wavu wote unavutika vibaya."

"Mungu wangu!" Ukurasa wa kumi na mbili Rebeka mwenyewe alikuwa ameandika vipande viwili vya hesabu vya kushikilia ncha, kimoja cha kujumlisha mwanzoni, kimoja cha kutoa mwishoni. Kwenye programu ya kompyuta alivisahau. Akaviingiza, akaiendesha upya. Namba zikatoka: familia zote sawasawa, hadi tarakimu ya kumi.

Furaha haikumaliza dakika. Hoja yake ilikuwa nzima, lakini majedwali saba yaliyotoka kwenye programu ile mbovu yalishafika kwa watahini. Akinyamaza, nani atafika ukurasa wa tisini na moja? Aliwaza hivyo, tusimpambe. Aliogopa mno.

Saa nane Profesa Leodgar, mtahini wa nje, akamwambia kwa Kiingereza aanze. "Kabla sijaanza," Rebeka akasema, "majedwali yangu saba yana kosa. Si la kompyuta. Ni langu." Akaeleza yote, akaonyesha namba mpya. Watahini wakazima kamera wajadiliane.

Dakika arobaini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Tereza aliweka wavu chini, akaja kukaa karibu na mwanawe.

Kamera ikawaka. Profesa Leodgar akainua nakala yake: ukurasa wa tisini na moja, umezungushiwa wino mwekundu. "Hili ndilo lilikuwa swali langu la kwanza," akasema. "Ungesingizia kompyuta, ningekuangusha. Umefaulu. Rekebisha majedwali ndani ya miezi mitatu. Nani alikuonyesha kosa?"

Rebeka akamgeukia mama yake. Akalia palepale mbele ya maprofesa. Tereza, ambaye Kiingereza hakuambulia hata neno, akamvuta begani.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Tutashona upya."