Daftari la Masikio

Siku tuliyomzika ndugu yangu Simel, simu yake iliita mara kumi na moja ndani ya mfuko wa sweta yangu bila mimi kuipokea.

Ilikuwa Agosti 2009, nyumbani, nje kidogo ya Kajiado. Nimonia ilikuwa imemmaliza kwa siku nne.

Ya kumi na mbili nikapokea, nikidhani ni pole nyingine.

"Simel, supa," mzee mmoja akasalimia. "Ng'ombe wangu umempata? Yule wa sikio la kulia limekatwa kama uma."

"Mzee, Simel amefariki. Tunamzika sasa hivi."

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Pole sana, entito, binti yangu. Pole." Halafu akauliza, "Na ng'ombe?"

Nikakata simu. Nilimdharau mzee huyo jioni nzima.

Wazo la Simel nililijua. Mwaka huo wa ukame mifugo ilitangatanga hadi katikati ya mji wa Kitengela, inatafuna maboksi, wenyewe wakiitafuta kwa miguu hadi Illasit, mpakani mwa Tanzania. Simel alikuwa na kiduka cha fotokopi Kitengela. Akasema kila boma hukata masikio ya ng'ombe wake kwa alama yake. Itengenezwe programu ya kompyuta: aliyepoteza aandike alama, aliyeona aandike alama, wakutanishwe.

Pesa hakuwa nazo. Akauza pikipiki na fahali wawili, akatafuta mtu wa kumtengenezea.

Tulimwita Mtaalamu. Jina lake silitaji, hastahili matangazo ya bure.

Miezi mitatu ya kwanza Mtaalamu alituletea nembo. Ng'ombe amevaa miwani.

Miezi mitatu iliyofuata, ukurasa mmoja. Swali la kwanza: Una ng'ombe wangapi? Usipojibu, huendi mbele. Ukiandika sifuri, inakataa.

Simel akamkalisha jirani yetu, Mzee Metito, mbele ya kompyuta na kumsomea swali.

"Nani amekutuma unihesabie ng'ombe?" mzee akauliza, akachukua fimbo yake, akaenda.

Kwetu mtu hatangazi idadi ya mifugo yake. Ni kuita mkosi. Hata mtoto anajua.

Simel akampigia Mtaalamu, simu ikiwa kwa spika. "Toa hilo swali, tafadhali."

"Boss, bila namba hakuna mfumo. Hao wazee wako watazoea."

Hawakuzoea. Hakuna hata mmoja aliyevuka ukurasa huo.

Mimi nami nilimcheka Simel. "Si ungebaki na pikipiki yako," nilimwambia. Hilo naliandika ili nisilisahau.

Wiki moja baada ya mazishi nilienda kufunga kiduka. Chini ya mashine ya fotokopi nikapata daftari la shule.

Kila ukurasa ulikuwa na masikio yaliyochorwa kwa biro, mawili mawili. Kando yake namba ya simu na mahali. Kurasa nyingi zilikuwa zimepigwa mstari na kuandikwa: Amepatikana.

Nilihesabu sitini na tatu. Mfumo wa Mtaalamu ulikuwa haujapata hata mbuzi.

Kwenye jalada Simel alikuwa ameandika: Majaribio tu. Kazi itaanza programu ikiisha.

Ndugu yangu alikufa akidhani hajaanza.

Kisha nikatafuta sikio lililokatwa kama uma. Lilikuwa ukurasa wa mwisho. Kurasa mbili nyuma yake, mtu alikuwa ameripoti kuliona huko Isinya.

Nikampigia yule mzee, nikamwelekeza Isinya, na kiduka sikukifunga tena.

Mtaalamu alisikia habari za daftari, akaja na laptop yake kwapani.

"Sister, hiyo data ni mali ya mradi. Nipe niiingize kwa mfumo."

"Uko na ng'ombe wangapi?" nikamuuliza.

"Mimi? Sina."

"Basi huwezi kuvuka ukurasa wa kwanza."

Nikaendelea kutoa fotokopi za watu. Akarudisha laptop kwapani, akaondoka.

Wewe unayesoma hii ukiwa na wazo na pesa kidogo, usiuze fahali ununue nembo. Shika daftari, mtumikie mtu mmoja mpaka apate ng'ombe wake. Na anayekuambia watu wako watazoea, mwonyeshe barabara ya Namanga, achague upande wa kwenda.

Sasa tuko daftari la nne. Simu ni ile ile, na naipokea mimi.