Kombi Yenye Kitanda

Mume wangu Pankrasi alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa, na ghala likamwingia mwilini. Nyumbani kwetu chumvi ina mahali pake, kibiriti kina mahali pake, na jirani akija kuazima nyundo anaulizwa kwanza anakwenda kupigilia nini. Siku chama kilipopunguza wafanyakazi, mwaka tisini na nne, alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akakaa uani akaanza kupanga kuni kwa urefu. Fupi huku, ndefu kule. Nikajua nyumba imepata tatizo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mjini Songea kila mtu alikuwa anauza kitu. Makarani waliuza mitumba, walimu waliuza maandazi, na mtu uliyemzoea na tai shingoni ulimkuta sokoni amekaa nyuma ya fungu la nyanya, anajifanya hakuoni. Pankrasi alikuwa na kiinua mgongo, na mimi nilikuwa na mpango wa kiinua mgongo hicho. Mpango wenyewe ulikuwa neno moja: bati.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili, lakini Mjimwema tulikuwa na kiwanja, na kwenye kiwanja kuta zilizofika kwenye lenta, juu ya madirisha. Tofali zilikuwa za kuchoma ila zimeunganishwa kwa udongo, na mvua za misimu miwili zilikuwa zimezilamba pembeni kama mtoto anavyolamba andazi. Fundi alinipeleka akanionyesha kwa kidole. "Mama Leo," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "Novemba hii ikizikuta bila kofia, mwakani hapa mnapanda mahindi." Tangu hapo sikulala vizuri. Julai kwetu haina wingu, lakini mimi nilikuwa naliona.

Ndipo Pankrasi akaja na habari ya kombi.

Ilikuwa ya Mzungu mmoja wa mradi wa maji, anayerudi kwao. Nyuma haikuwa na viti vya abiria kama kombi za watu. Ilikuwa na kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, meza inayojikunja, mapazia ya maua, na makabati. Makabati kumi na moja! Pankrasi aliyafungua yote mbele yangu, akayafunga, akayafungua tena. La vikombe. La sahani. La viatu. Moja lilikuwa la taulo tu. Nilimwangalia uso nikaogopa, maana nilikuwa nimeuona uso huo mara moja tu, mwaka aliponichumbia.

"Tutaishi humu, Mama Leo," akaniambia. "Wiki ya mnada wa Namtumbo tuko Namtumbo. Wakati wa kahawa tuko Mbinga. Tunauza mitumba mchana, jioni tunapika, tunalala. Hakuna gesti, hakuna kodi ya nyumba. Familia pamoja."

"Na kuta?"

"Kuta hazikimbii."

"Hazikimbii, zinayeyuka."

Alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye kabati la sufuria.

Mzungu alitupa gari kwa siku tano tulijaribu, Jumatatu tumpe jibu. Usiku wa kwanza Pankrasi alilala humo peke yake, amelipaki mbele ya nyumba, eti anapima kitanda. Asubuhi jirani yangu Halima, mwenyeji wa Tunduru, mwanamke asiyeweza kupita penye mlango wazi, akaja kukagua.

"Shoga, na haja mtakwenda wapi?"

Nikamwonyesha ndoo yenye mfuniko, chini ya jiko.

"Chini ya jiko!" Halima akashika kiuno. "Astaghfirullah. Choo, jiko na kitanda vimekaa pamoja kama watoto wa mama mmoja. Na mume akikukasirikia, utakwenda kununa wapi? Utanunia kwenye kabati la taulo?"

Hilo nalo lilikuwa la kufikiri. Mimi hununa vizuri, nahitaji nafasi.

Lakini wiki hiyo nilikuwa na jambo kubwa zaidi. Kijana wetu wa kwanza, Leo, alikuwa anaweka nadhiri zake kwa watawa Wabenediktini wa Hanga, Jumamosi asubuhi, na bibi yake mzaa mama alikuwa ameapa atakuwepo. Mama yangu, Bibi Kunegunda, alikuwa akiishi Namtumbo peke yake, magoti yake yamekwisha. Pankrasi akaona hapo hapo ndipo gari litajitetea lenyewe. "Tutakwenda kumchukua mama kama malkia," akasema. "Atalala chali mpaka Hanga. Akishuka, yeye mwenyewe atakwambia tununue."

Ijumaa tukaondoka, mimi, yeye na Pamela, kitinda mimba wetu. Vumbi lile la Julai liliingia kila mahali isipokuwa kwenye makabati, na Pankrasi alilitaja jambo hilo mara sita njiani.

Sasa lazima nieleze. Mama yangu ni mtu wa kizamani, na kwake mkwe ni mkwe. Miaka ishirini na mbili nimeolewa, mama na Pankrasi hawajawahi kupeana mkono wala kula sahani moja. Wanaongea kupitia kwangu, hata wakiwa hatua tatu. Na kuingia chumbani mwa mkwe, kuona anapolala, hilo halisemwi hata kwa mfano. Mimi haya yote nayajua, Pankrasi anayajua. Tulikuwa tumefikiria petroli, kuku wa zawadi, matairi, viatu vya Pamela. Hili hakuna aliyelifikiria mpaka tulipofungua mlango.

Mama alikuwa tayari uani, na kikapu chake, kuku wake wawili na kigoda. Pankrasi alikwenda kuchuchumaa nyuma ya kihenge cha mahindi, kama inavyompasa, akamsalimu akitazama chini. Mama akaitikia akitazama mbinguni. Mimi nikasukuma ule mlango wa kuteleza.

Mama akachungulia.

"Lidwina. Hiki nini?"

"Kitanda, mama."

"Cha nani?"

"Cha gari."

"Gari hulala?"

Pamela akacheka, nikamfinya.

"Ni gari la Mzungu, mama. Baba Leo anafikiria kulinunua."

Mama akarudi nyuma hatua mbili, akavuta kitenge kichwani. "Muulize mkwe wangu. Amekilalia?"

Nikageuka kwenye kihenge. Angeweza kusema hapana. Wanaume wangapi wangesema hapana? Lakini mtu aliyetunza ghala miaka kumi na tisa bila kukosa gunia moja hajui njia ya uongo inapoanzia. Nyuma ya kihenge sauti ndogo ikatoka: "Mwambie mama, Jumatano. Mara moja tu."

"Basi mimi natembea," mama akasema, akajitwisha kikapu.

"Hanga, mama? Kwa magoti hayo?"

"Nikianza sasa, nitaikuta misa ya mwakani."

Majirani wakaanza kukusanyika. Mmoja akashauri mama akae mbele. Kukaa mbele! Bega kwa bega na mkwe, mkono wake ukishika gia pembeni ya goti lake. Mama alimtazama mshauri huyo mpaka akakumbuka ana kazi kwake. Mwingine akasema godoro litupwe. Pankrasi, nyuma ya kihenge, akaguna kama mtu aliyekanyagwa. Jua lilikuwa linashuka, na mimi nikaanza kulia, maana niliona Leo anapiga magoti kanisani na mahali pa bibi yake pako wazi.

Mama hapendi machozi. Akatua kikapu.

"Mwambie mkwe wangu hivi. Akinipa kitanda hiki, kikawa changu, basi hicho ni chumba changu. Mtu haogopi chumba chake. Lakini yeye asiingize mguu tena."

Nikaupeleka ujumbe kwenye kihenge, hatua nne.

"Mpaka lini?" Pankrasi akanong'ona.

Nikarudi na swali.

"Kitu ulichompa mkwe kinarudi?" mama akasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani.

Naamini Pankrasi kule nyuma aliyahesabu kwanza makabati. Mwisho akasema, "Mwambie mama, nampa."

Tukafunga kanga kati ya mbele na nyuma. Mama akapanda na kuku wake, akajilaza. Hatujafika barabarani, sauti ikatoka nyuma ya kanga:

"Lidwina, mwambie mkwe wangu kile kioo kinaniangalia."

Kile kioo cha dereva cha kuangalia nyuma, kanga haikukifikia juu. Pankrasi akakigeuza kuelekea paa, tukaenda hivyo hivyo.

"Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie asikie kwa mguu."

Mimi nilikuwa katikati nageuka huku na huku mpaka shingo ikakaza. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa.

Tulifika Hanga giza linaingia, baridi ya Julai imekaa kila mahali. Wageni walikuwa wengi, na wakaja kulitazama gari. Hapo ndipo Pankrasi alipopata adhabu yake. Alikuwa ameiota siku ya kuonyesha yale makabati, na sasa mwenye chumba alikuwa ndani. Ikabidi asimame nje, mgongo ameupa mlango, anaelekeza kwa fimbo juu ya bega lake: "La tatu kutoka kushoto, hilo ni la vikombe." Mama anafungua, anajibu, "Mwambie mkwe wangu lina kuku." Baadaye wanaume wakaitwa kwenye darasa walilotandikiwa majani makavu, akaenda nao na blanketi begani.

Sisi watatu tukabaki. Mama akataka chai. Nikawasha lile jiko, moto wa buluu ukatoka bila moshi, bila kupuliza, bila machozi. Chai ikachemka kabla sijakaa. Nje baridi inauma, ndani mapazia ya maua yamefungwa, Pamela amelala miguuni, mama anakunywa kwa sauti na kusema, "Wazungu wana akili, ila chini ya jiko hapo wamekosea." Nikalala kwenye lile godoro, mgongo ukanyooka kama haujawahi kubeba mtoto. Na ndipo nikapatwa na hofu mpya, mbaya kuliko ya mvua. Nilikuwa nalipenda gari.

Asubuhi Leo aliweka nadhiri zake. Sitasema mengi. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikasimama. Mama aliketi mbele, amenyooka, na alipoona kijana anajilaza kifudifudi sakafuni akaniuliza kwa sauti ya kusikika kanisa zima kama hawana mkeka. Pankrasi alilia upande wa wanaume, na majani makavu yalikuwa bado kwenye nywele zake.

Jumapili tukamrudisha mama Namtumbo. Pankrasi akasimamisha gari uani, akashuka, akaenda nyuma ya kihenge kumpa nafasi. Nikasukuma mlango. Mama hakushuka.

"Mwambie mkwe wangu alisogeze karibu na jiko langu," akasema. "Kivuli hapa si kizuri."

"Mama, tunaondoka. Kesho Mzungu anataka jibu."

"Jibu gani? Si amenipa? Akinunua, ni langu, likae hapa. Asiponunua, nitamlilia huyo Mzungu mwenyewe." Hakuwa anatania. Alikuwa ameshatundika rozari kwenye dirisha na vitunguu kwenye kabati la taulo.

Nikaenda nyuma ya kihenge. Pankrasi alikuwa amechuchumaa, anachora makabati kwenye vumbi kwa kijiti. Alikuwa amesikia yote. Akanitazama, na katika miaka ishirini na mbili ya ndoa, kwa mara ya kwanza mume wangu akaniuliza: "Wewe unasemaje?"

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeliomba swali hilo kwa novena, siku tisa za sala. Na lilipokuja, nikaona kwanza ule moto wa buluu. Nikaona Mbinga, mahali ambapo sijawahi kufika. Nikaona tunaamka mahali pengine kila wiki na hakuna mwenye nyumba wa kutugongea. Kisha nikaona ukuta wa Mjimwema, ule wa upande wa mashariki, wenye ufa unaoingia vidole vinne, na Pamela amelala chini yake.

"Novemba haiko mbali," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Tununue bati."

Akafuta yale makabati kwa kiganja, moja moja. "Sawa," akasema. "Lakini nani atamshusha?"

Hapakuwa na haja. Niliporudi garini mama alikuwa amesimama chini, na kikapu, na rozari shingoni. Masikio yake hayajawahi kuchoka kama magoti; alikuwa amesikia yote.

"Mwambie mkwe wangu, kitu cha mkwe hakirudi, lakini kinaweza kubadilishwa. Namwachia kitanda. Anipe chumba kwenye hiyo nyumba ya bati."

"Mwambie mama, sawa."

"Cha mbele. Chenye dirisha la barabarani."

Nyuma ya kihenge kijiti kikavunjika. "Mwambie mama, sawa."

Bati zilipigiliwa Oktoba, na mvua ya kwanza ilipozipiga nilikaa chini nikazisikiliza mpaka ikaisha. Mama alihamia kabla ya Krismasi, akaweka kigoda chake mlangoni mwa chumba chake, pale pale penye mlango mkubwa wa kuingilia, anasalimia barabara nzima. Na kwa kuwa mkwe hampiti mkwe wake akiwa amekaa mlangoni, Pankrasi, mwenye nyumba, ametimiza miaka miwili sasa akiingia kwake kwa kuzunguka, kupitia jikoni.