Ushuhuda Wangu wa Namba Moja

Sabato iliyopita nilisimama kanisani hapa Suna, nikamshukuru Mungu kwamba tovuti niliyomtengenezea Mama Akinyi, mwenye gesti, sasa ni ya kwanza ukitafuta malazi Migori. Mwezi mzima, mtaalamu mimi, niliitafuta kila siku kwa simu yangu nikaiona ikipanda, ingawa vyumba vyake vilibaki vitupu.

"Amina! Hebu tuione sote," akasema mchungaji.

Simu zikatolewa. Hakuna aliyeipata, hata kwenye ukurasa wa tano. Kumbe ilikuwa ya kwanza kwangu tu. Simu yangu ilishanizoea, ikawa inanitangulizia ninachofungua kila siku.

Mama Akinyi akasimama. Nikajua kazi yangu kwake imeisha.

"Asante, nyathina, mwanangu," akasema, akipangusa machozi. "Kumbe wageni hawajaniona tu! Nilidhani wamenikataa."