Taa ya Ndani ya Gari

Asubuhi hii ya Julai fundi amechomoa plagi moja ya gari langu, akaisogeza puani mwangu. "Imelowa petroli. Betri iko chini. Kuna taa uliacha?"

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu mtaani Dandora ilijaa binamu, kwa hiyo jioni nilikuwa nikijifungia ndani ya gari la baba kusoma hadithi chini ya taa ya ndani. Mara nyingi niliisahau ikiwaka. Alfajiri nilimtangulia baba nje, nikaizima kabla hajaiona.

Baba akiliwasha, gari lilikohoa tu. Baba alichomoa plagi, mama akazikausha kwenye jiko baada ya kuepua uji, na harufu ya petroli na makaa ikajaa uani. "Ni hii baridi ya Julai," baba aliwaambia majirani waliokuja kusukuma. Waliamini. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali.

Asubuhi moja jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akibeba magunia kiwandani, aliteleza kwenye matope akisukuma. Mkono wake wa kulia ukavunjika, na kiwandani wakachukua mtu mwingine.

Mama alinituma nimpelekee uji. Alikuwa ameketi mlangoni na plasta yake. Akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa hilo.

"Na gari ya baba, walipata shida ni nini?"

"Ni baridi tu," nikamwambia.